Mpaka Chuma Kitoe Jasho

Wanangu, mtu akiniuliza nilianzaje kazi ya kuchomelea, huwa namjibu kwamba nilianza kwa kupofuka. Nilipofuka siku moja na nusu, pale Makambako, kwa kosa la kutazama kitu nilichokatazwa kutazama. Nyinyi mliopewa kioo cheusi siku ya kwanza tu mlipoingia karakana mtanicheka, na chekeni, nina haki ya kuchekwa. Lakini sijuti.

Wakati huo nchi bado ilikuwa Tanganyika ya Mwingereza, na Makambako haikuwa mji huu mnaoujua. Palikuwa njia panda yenye maduka machache ya mabati, kambi ya watengeneza barabara, na upepo. Upepo ndio pekee ambao haujabadilika. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza darasa la sita, na kazi yangu ilikuwa kukaa shimoni. Baba yangu, Mzee Yoeli wa Matembwe, alikuwa mkulima na mpasua mbao. Alipasua kwa ule msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja amesimama juu ya gogo, mwingine chini shimoni. Wa chini ndiye anayekula vumbi. Kwa kuwa baba alikuwa mzee wa kanisa letu la Kilutheri na mtu wa heshima, mla vumbi nilikuwa mimi.

Siku hiyo tulikuwa tumepanda juu ya mbao zetu kwenye lori tukizipeleka Makambako. Kabla hatujafika njia panda, lori likatoa mlio mbaya chini, likainamia upande mmoja kama ng'ombe aliyevunjika mguu. Dereva akaingia uvunguni, akatoka akitikisa kichwa. Chasisi, fremu ya chuma inayobeba lori zima, ilikuwa imekatika. Tukashusha mbao zote, akalikokota lori tupu, taratibu, mpaka kambini, na sisi tukamfuata kwa miguu.

Pale kambini tulimkuta mtu mfupi, mweusi tii, mwenye sikio moja bovu, kwa hiyo kila ulipomwambia jambo aligeuza kichwa kama anayekushuku. Huyu ndiye Fundi Nikodemu. Alijifunza kuchomelea jeshini, wakati wa vita vya Burma, na sasa alikuwa anafundisha shule ya ufundi ya misheni moja ya Kikatoliki upande wa Njombe. Alikuwa amekuja Makambako na mashine yake juu ya tela kutengeneza vyuma vya daraja. Dereva akamsihi. Fundi akaingia chini ya lori, akaangalia, akatuagiza tusimamishe mabati kuzuia upepo, kisha akasema kwa sauti ya askari, "Geukeni nyote. Tazameni mnachotaka, lakini msitazame moto wangu."

Wote wakageuka. Baba akageuka. Na mimi nikageuka. Halafu nikasikia sauti kama ya mafuta yanayokaanga kitu, ila ni kikaango kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuviona, na ukutani mwa kibanda kilichokuwa mbele yangu nikaona kivuli changu kimesimama, cheusi kabisa, saa nne asubuhi, upande uleule jua lilikokuwa. Nikawaza, kama kivuli changu kiko hapa, basi nyuma yangu kuna jua jingine.

Nikageuka kulitazama.

Lilikuwa dogo kama punje ya hindi. Lilikuwa bluu na jeupe kwa pamoja, na lilitembea. Lilitembea polepole juu ya ule ufa, na kila lilipopita, ufa haukuwapo tena. Sijui nilitazama muda gani. Lilipozimika, Fundi akavua ngao ya uso, akachukua nyundo ndogo akagonga ganda jeusi lililokuwa limefunika mshono, ganda likaruka, na chini yake chuma kikang'aa. Vipande viwili vilikuwa kipande kimoja. Tulirudi barabarani tukapakia mbao zote juu ya kitu kile, na lori halikuinama.

Nilimwendea Fundi nikamuuliza, "Mzee, chuma kimekubalije?"

Akageuza lile sikio lake zima. "Umesemaje?"

"Nauliza kimekubalije kuwa kimoja."

Akanitazama, si usoni, machoni hasa. "Wewe umetazama," akasema. "Jioni utanikumbuka. Ukipona, kama bado unataka kujua, njoo shuleni."

Jioni nilimkumbuka. Tulikuwa tumefikia kwa shangazi yangu, kijijini Lyamkena. Jua linazama, nikahisi kama mtu amenimwagia mchanga machoni kisha ananisugulia. Nililia machozi bila huzuni. Shangazi alikata viazi mviringo vibichi vipande vyembamba akaniwekea juu ya kope na kunifunga kitambaa. Nanyi msikimbilie viazi, siku hizi kuna zahanati; na dawa iliyo bora kuliko zote ni kioo cheusi.

Nikiwa nimelala hivyo, macho yamefungwa, baba akaja akaketi karibu. Nilidhani atanikaripia. Badala yake akasema jambo ambalo hakuwahi kuniambia tangu nizaliwe.

"Babu yako alikuwa anayeyusha chuma."

Nikageuza uso upande wa sauti yake.

"Alichimba mawe, akajenga tanuri la udongo, akatoa chuma humo. Alifua majembe yaliyokwenda mpaka huko Upangwa na Ukinga. Mimi nilikuwa mpuliza mivukuto wake, ile mifuko ya ngozi ya kuupa moto upepo. Nilipuliza tangu sijaota ndevu."

"Mbona hukuniambia, baba?"

"Nikuambie ili iweje? Majembe ya dukani yalipokuja, watu waliacha kuja kwetu. Haikuchukua hata misimu mitatu. Babu yako alikaa mbele ya tanuri baridi mpaka akafa. Alikuwa anajua kila kitu kuhusu kazi ambayo hakuna aliyeitaka." Nikamsikia akisimama. "Sitaki ukae mbele ya tanuri baridi, Elia. Utakuwa mwalimu. Watoto hawaachi kuzaliwa."

Basi mnaona ugumu ulivyokuwa. Sikuwa nashindana na baba mkali. Mkali ningemzoea. Nilikuwa nashindana na huruma yake.

Tulirudi Matembwe, nikarudi shimoni. Nilifanya kazi wiki kadhaa bila kusema neno. Aliyesema ni mama. Siku moja tunakula, akamwambia baba bila kumtazama, "Macho ya huyu kijana yamepona, lakini naona bado hayaoni kitu kingine." Baba akaendelea kula. Akamaliza, akanawa mikono, akasema, "Shule yenyewe ni ya Wakatoliki."

Mama akasema, "Chuma nacho kimebatizwa?"

Baba alicheka, na alipocheka nilijua nitakwenda. Alinipa masharti mawili tu. La kwanza, nisibadili dhehebu. La pili alilisema akiwa amenishika bega, siku ninaondoka: "Usirudi na kazi nusu. Kama ni kuunga, iwe umeunga."

Nilikwenda nikidhani siku ya pili nitashika lile jua. Mkuu wa karakana alikuwa Bruda Konradi, Mzungu mrefu mwenye mikono kama majembe, aliyekuwa akiongea Kiswahili polepole na kwa usahihi kuliko sisi. Aliwapanga wanafunzi wapya mbele ya meza ya kazi, akampa kila mmoja kipande cha chuma kibaya, kimepinda, kimejaa kutu, na tupa moja. Akasema, "Fanyeni kiwe mraba."

Nikasugua siku tatu. Nikampelekea. Akaweka skwea yake, kipimo cha pembe mraba, juu ya kile chuma, akakiinua dirishani, na kati ya chuma na skwea nikaona mstari mwembamba wa mwanga.

"Mwanga unapita," akasema. "Bado."

Nikasugua wiki. "Mwanga unapita. Bado." Juni ikaingia na ile baridi yake, asubuhi majani yote meupe kwa umande ulioganda, chuma kinanata vidoleni, na mimi nasugua. Jirani yangu mezani alikuwa Klemensi, kijana wa familia ya Kikatoliki ya hapohapo karibu na misheni, mcheshi ambaye hakuna asilolijua. Klemensi alisema Bruda anataka tusugue mpaka chuma kiishe ili asilazimike kutufundisha zaidi. Na kweli, chuma changu kilianza na ukubwa wa kiberiti cha jikoni, kikawa kama kipande cha sabuni ya mwisho wa wiki.

Miezi mitatu. Siku moja Bruda akainua, akatazama, akanipa nitazame na mimi. Giza. Hapakuwa na mwanga wowote kati ya chuma na skwea. Nilishika kile kipande na mwili ukanisisimka, kwa sababu nilikumbuka kilivyokuwa, na kilichokibadilisha si mashine, ni mikono hii. Bruda alisema tu, "Sasa unaweza kuona. Nenda kwa Nikodemu."

Nawaambia haya kwa kuwa nasikia malalamiko yenu juu ya kusugua kingo. Vijana, mshono hauanzi kwenye moto. Unaanza kwenye tupa. Kingo zikiwa na kutu, rangi au mafuta, unachomelea uchafu, na uchafu hauungi na kitu.

Kwa Fundi Nikodemu tulianza na moto wa gesi. Gesi yenyewe tuliitengeneza: kulikuwa na mtungi ambamo mawe ya kijivu ya kabaidi yaliangukia maji, yakachemka yenyewe bila moto, yakatoa hewa yenye harufu ya vitunguu vilivyooza. Hewa ile ikipita kwenye mpira mmoja, oksijeni kwenye mpira mwingine, zinakutana kwenye mdomo wa shaba, unawasha. Mara ya kwanza niliwasha, ukatoka moto mrefu wa manjano wenye masizi uliotujaza weusi puani. Fundi akanyoosha mkono akageuza kifungo kidogo, na moto ule mchafu ukajikusanya, ukafupika, ukawa bluu, na katikati yake ukabaki ulimi mweupe mdogo usiotikisika.

"Sikiliza," akasema, akageuza lile sikio lake. "Moto ukipiga mluzi, oksijeni imezidi, chuma chako kitaungua. Ukiwa na manyoya marefu, gesi imezidi. Ukinyamaza hivi, ndio wenyewe."

Aliujua moto kwa sikio moja tu. Nilimtazama kwa hofu ile anayoihisi mtu kanisani.

Alitufundisha pia kuogopa, na hilo halikuhitaji mafunzo mengi. Klemensi aliona pipa la petroli iliyokwisha siku nyingi, akataka kulikata liwe karai. Alikuwa ameshalipindua, moto uko mkononi, Fundi akamfikia akamnyang'anya bila neno. Alitupeleka wote mbali uwanjani, akatulaza nyuma ya tuta la udongo, akafunga tambara lenye moto kwenye ufito mrefu wa mwanzi, akalisogeza mdomoni mwa pipa. Ardhi ilitusukuma tumboni. Pipa likapaa juu ya mikaratusi, tukalitazama likigeukageuka angani taratibu kama jani, likaanguka shambani kwa misheni katikati ya kabichi.

"Lilikuwa tupu," Fundi akasema. "Lililojaa petroli lingeungua. Lililo tupu limejaa hewa yake, na hewa ndiyo inayoua. Osha, jaza maji, acha nafasi ndogo tu unapochomelea. Klemensi, nenda ukamwombe Bruda msamaha wa kabichi."

Klemensi alizeeka na vidole vyake vyote kumi. Nadhani kwa sababu ya siku ile.

Sasa nije kwenye aibu yangu, ambayo ndiyo iliyonifanya fundi.

Mwaka wa pili ukielekea mwisho nilikuwa na mshono mzuri kuliko wote darasani. Sijisifu, ulikuwa mzuri kweli. Mawimbi madogo yaliyolingana, moja limelalia jingine, kama mkeka uliosukwa na mwanamke mwenye subira. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliletwa kuja kuutazama. Nikawa natembea karakana nzima mikono nyuma kama Bruda.

Jaribio la kumaliza lilikuwa kuunga mabamba mawili ya chuma yenye unene wa kidole. Nilichomelea langu, likapoa, nikalipiga brashi ya waya likang'aa. Fundi Nikodemu akaligeuza mara mbili, akaguna kwa kuridhika. Siku hiyohiyo, kabla ya majaribio kukaguliwa na Bruda, baba akafika. Alikuwa amekuja na lori lililoleta mbao za misheni, na alikuwa hajaniona tangu likizo. Alisimama mlangoni mwa karakana na kofia mkononi kana kwamba anaingia kwenye nyumba ya mtu mkubwa.

"Kamwene," akasalimu kwa Kibena chetu, halafu akakumbuka alipo, akasema kwa Kiswahili, "Hodi wenyewe."

Fundi Nikodemu akamwendea. Walishikana mikono, na Fundi hakuuachia ule mkono. Aliugeuza, akatazama alama ndogondogo nyeupe zilizojaa kuanzia kiganja mpaka karibu na kiwiko. Mimi niliziona alama zile maisha yangu yote nikadhani kila baba anazo.

"Mzee ni mhunzi," Fundi akasema.

"Nilikuwa mpuliza mivukuto," baba akajibu. "Zamani."

"Basi njoo utazame kazi ya mwanao. Mtu wa chuma asiambiwe, aone."

Akampa bamba langu. Nilisimama kando nimejawa na furaha ya kijinga. Baba aliupitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mshono, mwanzo mpaka mwisho, bila kusema uzuri wala ubaya. Kisha akaomba waya. Akalifunga bamba, akalining'iniza kwenye ndoano, akachukua nyundo ndogo, akaanza kuligonga taratibu, ameinamisha kichwa. Kwenye upande mmoja liliimba. Akasogea kidogo, likaimba. Akafika katikati, likatoa sauti fupi, kama mtu anayejibu huku amefunga mdomo.

"Hapa pamenyamaza," baba akasema. Hakunitazama. "Fundi, naruhusiwa kulipiga?"

Fundi akalibana bamba kwenye jiliwa, nusu ndani nusu nje, akampa nyundo kubwa. Baba akapiga mara moja. Halikupinda. Lilikatika palepale kwenye mshono, likaanguka sakafuni, na karakana nzima ikasikia.

Fundi aliokota kipande akakileta dirishani. Sote tuliona. Ule mkeka wangu mzuri ulikuwa umelala juu tu. Chini yake kingo za chuma zilikuwa vilevile nilivyoziacha na tupa, mistari ya tupa inaonekana, hazikuyeyuka hata kidogo. Niliogopa kutoboa bamba, nikapunguza moto, nikamwaga chuma cha juu kikajipanga vizuri, na chini hakuna kilichoungana na kitu.

"Mimi ningempa pasi," Fundi Nikodemu akasema polepole. Lilikuwa jambo la kiungwana kulisema mbele ya wanafunzi wake, nami sijalisahau. "Jicho langu lilidanganywa na urembo."

Nilitaka sakafu inimeze. Nilingoja baba anikumbushe sharti lake la pili. Hakulitaja. Alikuwa anautazama moto wa Klemensi aliyekuwa bado kazini kule pembeni, akiutazama kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akitazama kitu chochote, hata Biblia.

Fundi aliona. Akachukua mabamba mengine mawili, akayapanga, akamwekea baba miwani myeusi mkononi. "Jaribu, mzee."

"Aa, mimi ni mtu wa shamba."

"Jaribu tu. Nitakushika mkono."

Baba akavaa miwani. Fundi akawasha, akarekebisha mpaka ulimi ukanyamaza, akampa. Tuliacha kazi zote. Bruda Konradi alitoka ofisini akasimama nyuma yetu, na hakutufukuza.

Baba aliuweka moto juu ya chuma akaacha. Chuma kikawa chekundu. Sisi wanafunzi wote tungeshaingiza waya wa kuchomelea hapo; yeye akangoja. Kikawa rangi ya chungwa. Akangoja. Kikapauka, kikawa karibu cheupe, na Fundi akafungua mdomo kumwambia sasa, lakini baba akamtangulia. Alisema kwa sauti ndogo, wala hakuwa akisema na sisi.

"Kinatoka jasho."

Nikatazama kupitia kioo changu, na kwa mara ya kwanza nikaona kitu kilichokuwa mbele yangu miaka miwili. Ngozi ya chuma ililoa. Kingo zote mbili, kulia na kushoto, zilitoa umajimaji unaong'aa, matone madogo kama ya paji la uso, na matone yale yakasogeleana, yakagusana, yakawa dimbwi moja linalozunguka taratibu. Hapo ndipo baba akaingiza waya. Akasogea kidogo. Akangoja jasho. Akaingiza. Mkono wake ulikuwa mgeni wa kazi hiyo, na mshono wake ukawa kama njia ya mbuzi mlimani, huku mnene, kule mwembamba. Fundi hakumshika mkono hata mara moja.

Ulipopoa, Fundi mwenyewe akalibana lile bamba na kulipiga. Akalipiga tena. Likapinda kama kiwiko cha mtu, likakataa kuachia.

Baba alivua miwani. Uso wake ulikuwa umelowa, na moto ule ni mkali, kwa hiyo sitasema zaidi ya hapo. Aliushika ule mdomo wa shaba, uliokwisha kuzimwa, akaugeuzageuza. "Hauna hata mivukuto," akasema. "Mtu mmoja, mkono mmoja. Baba yangu angekaa hapa asiondoke." Kisha akanigeukia. "Neno hilo la jasho ni la babu yako. Sikudhani lina kazi tena duniani."

Lilipata kazi. Tangu siku ile Fundi Nikodemu alifundisha kwa neno hilo. "Jasho limetoka?" alikuwa akiuliza akipita nyuma yetu. "Kingo zote mbili au moja?" Nimewafundisha watu wengi kwa neno hilo, na wao wakawafundisha wengine, na nimewahi kulisikia kwa kijana mmoja Makambako ambaye hakujua limetoka wapi.

Mimi nilirudia muhula mzima. Bruda hakunionea huruma, na alifanya vyema. Niliacha kujali mkeka. Nilikaza macho kwenye dimbwi. Wiki za mwanzo nilitoboa mabamba mengi kuliko wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na wale walioletwa kuutazama mshono wangu sasa walikuja kutazama matundu. Klemensi akasema nimehamia kwenye biashara ya kutengeneza machujio. Niliendelea. Kidogo kidogo jicho likajua ni lini, halafu mkono ukajua kabla ya jicho, na siku moja nikaona mawimbi yale mazuri yamerudi yenyewe bila kuitwa, kwa sababu chini yake kulikuwa na kitu.

Bamba langu la mara ya pili Bruda alilipinda kwenye jiliwa mpaka likawa kama kiatu cha farasi. Akapitisha lenzi juu ya mshono. Akaniwekea pasi. Fundi Nikodemu hakunipongeza. Alilitia bamba lile lililopinda kwenye gunia, akanipa. "Mpelekee baba yako," akasema. "Mimi si jaji wa mwisho wa bamba hili."

Nilifika Matembwe Jumamosi. Baba alilitoa kwenye gunia, akaenda nalo nyuma ya nyumba peke yake, nikasikia mapigo madogo, kimya, mapigo tena. Akarudi, akaliegemeza ukutani, akaendelea na habari za mvua. Sikuthubutu kuuliza.

Kesho yake kanisani, baada ya mahubiri, wazee walipotoa matangazo, baba alisimama. Alitangaza siku ya kupalilia shamba la kanisa, akatangaza mgonjwa wa kutembelewa, halafu akasema kwa sauti ileile, "Na mwanangu Elia amerudi kutoka shule ya ufundi. Ameunga chuma bila kukifua. Kiko hapo nje. Atakayeona si kweli, nyundo ipo."

Watu wa Matembwe walikuwa wameona chuma kikiungwa kwa kupigwa kwenye moto, au kwa misumari ya riveti, basi. Walitoka wakalizunguka. Baba alikuwa ameliweka juu ya jiwe kubwa, na kando yake nyundo ya kupasulia magogo. Wa kwanza akavua koti la Jumapili akapiga. Wa pili akapiga. Wapasua mbao walijipanga, watu wenye mabega, na wanawake wakasimama upande mmoja wakitoa maoni, na hata mchungaji akakunja mikono ya kanzu yake akajaribu, akarudisha nyundo taratibu akishika kiganja.

Mimi nilisimama karibu na baba, na kila pigo liliingia kifuani mwangu. Ningeweza kuwaambia wote ni nini kilikuwa ndani ya ule mshono, lakini niliwahi kuamini hivyo kuhusu lile bamba la kwanza pia. Mtu mkubwa kuliko wote akaishika nyundo kwa mikono miwili, akaiinua juu ya kichwa, nami nikajikuta nimeshika mkono wa shati la baba kama mtoto.

Hakuuondoa mkono wangu. Aliendelea kutazama mbele.

"Tulia," akasema chinichini. "Mimi nilishalisikiliza."